Je, ni kweli ajali haina kinga?

Mwezi huu tunataka tuongee juu ya mchezo ambao hapa Kabuta hakuna mtu atakayeucheza. Hapa kando ya ziwa Mweru hatuna theluji, na barafu tunayoijua sisi ni ile ya kuwekea samaki. Lakini simu zimeingia kila nyumba, na vijana wanaangalia video za dunia nzima. Wanaona wazungu wamelala juu ya kitu kama ubao, wanashuka mlima wa barafu kwa mwendo wa kutisha, na watu wanashangilia. Halafu wanatuuliza: hawa watu hawaogopi kufa? Na wale wanaopiga makofi, wao wanafurahia nini hasa?

Ni maswali mazuri. Tumeyafuata, na tumekuta yana jambo linalotuhusu sisi wazazi kuliko tulivyofikiri.

MCHEZO WENYEWE UKOJE

Iko aina tatu. Ya kwanza inaitwa luji. Mchezaji analala chali juu ya kigari kidogo kisicho na magurudumu, chenye vyuma viwili chini, na miguu ndiyo inatangulia. Ya pili inaitwa skeletoni. Hapo analala kifudifudi na kichwa ndicho kinatangulia, kidevu karibu kiguse barafu. Ya tatu ni bobslei, ambayo ni kama mtumbwi uliofunikwa mbele. Watu wawili au wanne wanausukuma wakikimbia, halafu wanarukia ndani.

Hakuna injini. Kinachowavuta ni mteremko tu. Njia yao ni kama mfereji mrefu wa saruji uliofunikwa barafu, wenye kona nyingi, na urefu wake ni zaidi ya kilomita 1. Wanafika mwendo wa kilomita 130, hata 140 kwa saa. Basi la Mansa halifiki mwendo huo, na likifika abiria wote wanaanza kusali. Na huyu hana mlango, hana mkanda, ana helmeti na nguo nyembamba tu. Kwenye luji anaongoza kwa kukandamiza mguu kidogo na kusogeza bega. Akikosea kidogo, kosa linaanza kwenye kona hii na linakuja kuonekana kwenye kona ya mbele.

NJIA YA KWANZA ILIJENGWA KWA SABABU GANI

Hapa tulishangaa. Mchezo huu ulikua Uswisi, katika mji wa milimani unaoitwa St. Moritz. Miaka ya 1880 wageni wa kutoka Uingereza walikuwa wanakaa kwenye hoteli zake wakati wa baridi. Walichoka kukaa bure, wakaanza kuteleza na vigari vya mbao katika barabara za mji. Unaweza kufikiria mwenyewe: watu wanakwenda sokoni, na hapo hapo mtu mzima anashuka mbio bila breki. Waliwagonga watu. Basi wakatengenezewa njia yao ya peke yake, nje ya barabara.

Kwa hiyo njia ya kwanza ilijengwa pia kwa ajili ya usalama. Hakuna aliyewakataza kuteleza. Walitenganishwa tu na watu wanaopita. Tunaomba mkumbuke jambo hili, tutalirudia.

WATAZAMAJI WANATAKA NINI

Mchezo ulipokua, watazamaji wakaongezeka. Bobslei iliingia katika Michezo ya Olimpiki ya Majira ya Baridi ya kwanza, kule Chamonix, Ufaransa, mwaka 1924. Luji iliingia mwaka 1964 kule Innsbruck, Austria. Na hata kabla michezo ile ya Innsbruck haijafunguliwa, mchezaji mmoja wa luji wa Uingereza alikufa katika mazoezi. Jina lake ni Kazimierz Kay-Skrzypecki.

Sasa mtazamaji anapenda nini? Tuseme ukweli: anapenda mwendo. Anapenda pia kuona mtu anakaribia kuanguka, halafu haanguki. Na wako wanaopenda kuona anaanguka. Mwaka 1988 timu ya bobslei ya Jamaica ilikwenda Calgary, Kanada. Wazo lile lilitoka kwa Wamarekani wawili walioona Wajamaika wakishindana kushuka vilima na mikokoteni yao. Wakiwa kwenye barafu mtumbwi wao ulipinduka, vichwa vyao vikaburuzwa ukutani. Walitoka wazima wakatembea mpaka mwisho, watu wakawapigia makofi. Mwaka 1993 ikatoka sinema ya kuchekesha juu yao, Cool Runnings, na watoto wa dunia nzima wameicheka. Vizuri kucheka, kwa sababu walipona.

Lakini mwaka 1981, kule Cortina nchini Italia, watu wa sinema walikuwa wanapiga picha za James Bond kwenye njia ya bobslei. Kijana mmoja wa kucheza vitendo vya hatari, Paolo Rigon, alikufa pale. Alikufa kwa ajili ya picha ya kusisimua ya dakika chache. Na mwaka huo huo, kwenye njia ile ile, Mmarekani Jim Morgan alikufa katika mashindano ya dunia.

Halafu tunafika Whistler.

TAREHE 12 FEBRUARI 2010

Whistler iko Kanada, na hapo ndipo ilijengwa njia ya michezo ya mwaka 2010. Mlima wake ni mkali. Kutoka juu mpaka chini njia inashuka mita 152. Wahandisi walihesabu mwendo fulani, lakini wachezaji walipoanza kuijaribu, mwendo ukazidi hesabu. Mwaka 2009 Manuel Pfister wa Austria alifika karibu kilomita 154 kwa saa. Magazeti yakaandika: njia yenye mbio kuliko zote duniani! Kwa watazamaji hiyo ilikuwa sifa. Dereva wa bobslei wa Marekani, Steve Holcomb, aliipa kona ya 13 jina la Hamsini kwa Hamsini, maana yake nusu utapita, nusu utapinduka. Jina likabaki, watu wakalipenda.

Wako waliosema mapema. Mwaka 2009 wakubwa wa shirikisho la luji waliandika kwamba mwendo umezidi na kwamba njia zijazo zisiwe hivyo. Siku chache kabla ya michezo watu walianguka katika mazoezi. Mchezaji wa Australia, Hannah Campbell-Pegg, aliuliza mbele ya waandishi wa habari kama wao ni watu ama ni vitu vya kutupwa kwenye njia ili kuijaribu. Lakini tiketi zilikuwa zimekwisha kuuzwa, na dunia ilikuwa inangoja.

Kulikuwa na kijana wa miaka 21, Nodar Kumaritashvili, kutoka Georgia, nchi ndogo kati ya Urusi na Uturuki. Kwao ni Bakuriani, mji mdogo wa milimani, na ukoo wao ulikuwa wa watu wa luji. Baadaye baba yake aliwaambia waandishi wa habari kwamba mwanawe alimwambia anaogopa kona moja. Baba akamshauri ashushe miguu kwenye barafu apunguze mwendo. Kijana akakataa. Amekwenda Olimpiki, na akianza atamaliza.

Wazazi, tusome hapo polepole. Mtoto alisema anaogopa. Baba alimshauri vizuri. Lakini baba alikuwa mbali, na jukwaa lilikuwa kubwa kuliko sauti ya baba.

Asubuhi ya tarehe 12 Februari 2010, siku ile ile ya kufungua michezo, Nodar alishuka kwa mazoezi. Kwenye kona ya mwisho alishindwa kukishika kigari, kikamrusha juu ya ukuta, akagonga nguzo ya chuma iliyosimama kando ya njia. Mwendo wake ulikuwa kama kilomita 144 kwa saa. Nguzo ile haikuwa na godoro wala kitu chochote cha kupunguza kishindo. Alikufa siku hiyo hiyo.

USIKU ULE WALIFANYA NINI

Wakubwa wa mchezo walichunguza haraka, wakatoa tangazo: njia haikuwa na kosa, kijana alichelewa kutoka kwenye kona ya 15, akashindwa kujirekebisha. Maana yake, kosa ni la mchezaji. Rais wa Georgia wa wakati ule, Mikheil Saakashvili, akajibu kwamba kosa la mchezo halitakiwi kumwua mtu.

Sasa sikilizeni jambo hili. Watu wale wale waliosema njia haina kosa waliitengeneza njia kabla mashindano hayajaanza. Waliongeza urefu wa ukuta pale alipotokea. Walibadilisha umbo la barafu kwenye kona. Nguzo zikafungwa magodoro. Wanaume wakaambiwa waanzie chini zaidi, pale ambapo wanawake walikuwa wanaanzia, na wanawake wakashushwa mpaka pale pa vijana wadogo. Mwendo ukapungua. Tarehe 13 Februari mashindano ya luji yakaanza, bingwa akapatikana, watu wakashangilia kama kawaida.

Sisi Waswahili tuna msemo: ajali haina kinga. Tunausema kwenye msiba ili kumfariji mwenye kufiwa, na kwa hilo ni msemo mzuri. (Sisi tuliotoka upande wa Katanga tukisikia kinga tunafikiria baiskeli, lakini nanyi mnaelewa.) Kule Whistler msemo huu ulishindwa. Kinga ilikuwepo. Ilikuwa mbao za kuongeza ukuta, magodoro, na kushuka hatua chache chini ya mlima. Ilichukua siku moja tu, ila siku yenyewe ilikuwa imechelewa.

Baadaye mwaka ule ule, ofisi ya serikali ya jimbo inayochunguza vifo ilisema ni ajali, lakini iliyotokana na mambo mengi pamoja. Moja lilikuwa kwamba kijana hakuizoea njia ya kutosha. Wachezaji wa Kanada, wenyeji, walikuwa wameifanyia mazoezi mara nyingi sana kuliko wageni. Mgeni, mwenye mazoezi machache, kwenye njia kali. Sisi wakimbizi tunaelewa maana ya kuwa mgeni mahali ambapo wenyeji wanazijua kona zote.

Njia iliyofuata, ile ya Sochi nchini Urusi kwa michezo ya mwaka 2014, ilijengwa na sehemu 3 za kupanda, ili mwendo upungue wenyewe. Je, watazamaji walikimbia? Hapana. Walikuja, walishangilia, na medali zilitolewa. Kumbe raha ya mchezo haikuwa katika zile kilomita 10 ama 20 za kuzidisha. Na katika michezo ya Beijing mwaka 2022, Georgia ilimpeleka mchezaji wa luji anayeitwa Saba Kumaritashvili. Ni ndugu wa Nodar, mtoto wa ukoo ule ule.

WAAFRIKA NAO WAMETELEZA

Msifikiri ni mambo ya wazungu tu. Katika michezo ya PyeongChang, Korea Kusini, mwaka 2018, walikuwepo wanawake watatu wa Nigeria katika bobslei: Seun Adigun, Ngozi Onwumere na Akuoma Omeoga. Hiyo ilikuwa timu ya kwanza ya bobslei ya Afrika katika Olimpiki. Kabla ya kugusa barafu, Adigun alijenga kigari cha mbao kwa mikono yake kule Houston, Marekani, nchi ya joto, wakajifunza kusukuma na kurukia ndani. Mnaijeria mwingine, Simidele Adeagbo, alishuka katika skeletoni, na Akwasi Frimpong akashuka kwa jina la Ghana. Frimpong alikuwa wa mwisho, lakini alifika salama. Kenya nayo ilikuwa na binti mmoja, Sabrina Simader, aliyezaliwa Kenya akakulia Austria. Yeye alishuka mlima kwa skii akiwa mchezaji pekee wa Kenya pale, na mwanamke wa kwanza wa Kenya katika michezo ya baridi.

Hao wote ni majasiri. Lakini hakuna mtu anayefundishwa mchezo huu kwa kupelekwa juu kabisa siku ya kwanza. Mwanafunzi anaanzia sehemu ya chini ya njia, mteremko mfupi. Akishaweza hapo, anapandishwa kidogo, halafu kidogo tena. Wengi wanaochukua medali za luji walianza wakiwa watoto, chini kabisa.

Wale waliopita Goma wanakijua chukudu: kigari cha mbao cha magurudumu mawili, kinachobeba viazi, kabeji na makaa mamia ya kilo. Kutoka Kibumba mpaka mjini kinateremka bila injini, kama bobslei. Kwenye barabara kubwa ya Goma wamekisimamishia sanamu, kwa sababu kimelisha familia nyingi. Na breki yake ni nini? Ni kipande cha tairi lililochakaa juu ya gurudumu la nyuma, dereva anakikanyaga kwa mguu. Ni kitu cha bure, kimeokotwa. Lakini fundi hakitoi chukudu kwake bila kipande kile. Yule fundi wa Goma, ambaye hajaenda chuo kikuu, anajua jambo ambalo Whistler walilikumbuka usiku baada ya msiba.

SASA TUJE NYUMBANI KWETU

Watoto wetu hawana barafu, lakini wanateleza. Mvua zikianza Novemba, udongo unakuwa kama sabuni, wanashuka juu ya magome na vipande vya madumu. Wanatengeneza vigari vya mbao. Vijana wanashuka mteremko na baiskeli isiyo na breki, mwenzao amesimama nyuma. Ziwani wanashindana kusimama kwenye ncha ya mtumbwi, na upepo wa Mweru mnaujua, hautoi taarifa.

Hatusemi wakatazwe. Mtoto asiyecheza ni mtoto mgonjwa. Hapa tulipo, kucheza ni dawa inayowasahaulisha mengi waliyoyapitia njiani. Ukimkataza pale anapoonekana, atakwenda pale asipoonekana, na hapo ndipo pabaya zaidi.

Tunachosema ni hiki: kabla ya kumwuliza mtoto kwa nini ameanguka, tuulize ile njia aliyoanguka ilitengenezwa na nani, na iliangaliwa na nani. Na tujiulize sisi tuliosimama kando. Wakati mwingine ni sisi watu wazima tunaopiga kelele, "Twende! Usiogope! Wewe ni mwanaume!" Mtoto akisema anaogopa, tunamcheka. Nodar naye alisema anaogopa.

Basi tunapendekeza mambo haya, na hakuna linalohitaji pesa:

1. Tuwachagulie watoto mteremko usioishia barabarani wala majini. Kama walivyofanya St. Moritz: mchezo mahali pake, wapita njia mahali pao.

2. Kabla ya kucheza, mtu mzima atembee njia yote kwa miguu. Aondoe mawe, visiki na vyuma. Kama kuna mti ama nguzo isiyoondoka, ifungwe magunia yaliyojazwa majani.

3. Wadogo waanzie katikati ya mteremko, wasianzie juu. Apande juu yule aliyeshaweza chini.

4. Kigari ama baiskeli bila breki haishuki. Kipande cha tairi kinatosha.

5. Anayesema hapana aheshimiwe. Asichekwe, asisukumwe.

6. Mtumbwini, mchezo wa kusimama kwenye ncha ufanyike karibu na ukingo, maji ya kifuani, na mtu mzima anayejua kuogelea awe pale.

Na mtoto akigonga kichwa, msimwache alale tu mkisema atapona. Wachezaji wa bobslei wenyewe wanalalamika kwamba mtikisiko unawapa maumivu ya kichwa hata wasipoanguka, sembuse mtoto aliyegonga jiwe. Mpelekeni kituo cha afya upesi kama amezimia hata kidogo, anatapika mara kwa mara, anasinzia na ni vigumu kumwamsha, anaongea maneno yasiyoeleweka, anapata degedege, haoni vizuri, ama anatokwa damu au maji puani au masikioni. Hata kama anaonekana mzima, mtu amwangalie siku hiyo na usiku wake wote.

TUONGEE NYUMBANI

Jioni baada ya chakula, wakubwa na wadogo pamoja, mwaweza kuulizana hivi: Ni mahali gani karibu na kwetu ambapo watoto wanapenda kushuka mbio, na pale chini kuna nini? Je, mtoto wetu akiogopa kitu, ana uhuru wa kutuambia? Na mwisho, sisi tukisimama kutazama mchezo, tunashangilia nini?

Kila mtaa ukipata mteremko mmoja ulioangaliwa vizuri kabla ya mvua, tutakuwa tumefanya kazi. Wenye jembe waje na jembe, wenye magunia waje na magunia. Watoto wenyewe wataonyesha mahali, maana wao ndio wanaojua kona zote.